Pembe inapimwa kutoka wapi? Mwanga na sumaku vinanivuruga

PensiliButu:
Habari zenu wadau. Mwali wa mwanga unatoka hewani kuingia majini, "ukifanya pembe ya nyuzi 35 na uso wa maji". Unapinda hadi nyuzi ngapi? Nimechukua sin 35, yaani 0.574, nikagawa kwa 1.33 (kipimo cha jinsi maji yanavyopinda mwanga), nikapata 0.431. Hiyo ni nyuzi 25.5. Jibu la kitabu ni 38. Nimerudia mara tatu, mpaka nimebadilisha betri za kalkuleta.

MwaliWaPili:
Irudishie betri zake, haina kosa :) Soma tena: "na uso wa maji". Kanuni ya Snell, hiyo ya kupinda kwa mwanga uliyotumia, haina habari na uso, inataka pembe kutoka kwenye normali, ule mstari unaosimama wima juu ya uso pale mwali unapogonga. 90 − 35 = 55. Sin 55 ni 0.819, gawa kwa 1.33 upate 0.616, ndiyo 38 yako. Mimi huchora normali kwa nukta nukta kabla sijajua hata swali linataka nini.

PensiliButu:
Duh, imetoka! Nikakimbilia swali la waya na ujanja huohuo. Urefu mita 0.2, mkondo ampea 5, ugasumaku tesla 0.4, waya umeinama nyuzi 30 kutoka kwenye mistari ya uga. 90 − 30 = 60, kani ikaja nyutoni 0.35. Kitabu: 0.2. Mnanichezea?

KushotoKwangu:
Umepewa dawa ya jicho ukaipaka gotini. Kwenye waya normali haihusiki. Pembe inayotakiwa ni ile kati ya waya na mistari ya uga, na umeshapewa: 30. Sin yake ni nusu, basi 0.4 × 5 × 0.2 × 0.5 = 0.2. Jipime hivi: waya ukilala sambamba na uga, kani ni sifuri, ukiukata kwa pembe mraba, unapata 0.4 yote.

Wakikuuliza mwelekeo, ni mkono wa kushoto: shahada ielekee uga, cha kati mkondo, gumba litakuonyesha kani. Mimi huandika kwa kushoto. Kwenye mtihani penseli ilikuwa huko, nikainua mkono uliokuwa huru, na kani zangu zote zikageuka nyuma. Weka penseli chini kwanza.

PensiliButu:
Haha, pole. La mwisho: mwali unatoka kwenye kioo cha 1.5 (kipimo kilekile cha kupinda mwanga) kwenda hewani, nyuzi 50 kutoka normali (nimeichora!). Sin 50 mara 1.5 ni 1.149, kalkuleta ikagoma.

MwaliWaPili:
Imegoma kwa haki. Sin haizidi 1, kwa hiyo mwali hautoki, unaakisiwa wote humohumo ndani ya kioo. Mpaka wa kioo hicho ni nyuzi 41.8, wewe uko 50. Uchore ukirudi ndani kwa 50 upande wa pili wa normali.

PensiliButu:
Na mimi nilishaifuta yote kwa hasira. Ngoja niiandike upya.