Mchezaji bora wa fainali atoke timu iliyofungwa? Tujadili

Wakuu, mnaofuatilia raga ya wachezaji 13 kule Australia, ligi ya NRL, nina hoja. Nishani ya Clive Churchill hupewa mchezaji bora wa fainali. Mwaka 2019 aliibeba Jack Wighton wa Canberra Raiders, na timu yake ililala 14-8 kwa Sydney Roosters. Hadi leo wapo wanaodai alipozwa tu kwa sababu ya refa.

Tukio lenyewe: 8-8, dakika kumi za mwisho. Kwenye raga hii timu ikikabwa mara sita mpira unakwenda kwa wapinzani. Refa Ben Cummins anapunga mkono juu, yaani Canberra waanze kuhesabiwa upya kukabwa mara sita. Ghafla anabadili uamuzi. Wighton, akiamini bado wana nafasi, anakubali kuangushwa na mpira mkononi badala ya kuupiga mbele. Mpira wakapewa Roosters, na punde James Tedesco akafunga trai ya ushindi (trai ni bao la kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani).

Kwangu alistahili, refa au bila refa. Trai pekee ya Canberra ilikuwa yake. Tangu nishani ianze 1986 hadi 2025, waliofungwa wakaipata ni wanne tu: Bradley Clyde 1991, Brad Mackay 1993, Daly Cherry-Evans 2013 na yeye. Hapo wapiga kura hutazama ubao wa matokeo kwanza, mchezaji baadaye.

*

Mkuu, na 2023 je? Ezra Mam wa Brisbane Broncos alipachika trai tatu kipindi cha pili, ikawa 24-8. Nathan Cleary wa Penrith akaipindua mechi dakika 20 za mwisho: trai ya kusawazisha yake, teke la ushindi lake, 26-24, na nishani akaibeba yeye. Fainali huamuliwa mwishoni. Nishani bila kombe ni pole tu.

*

Cleary sina ugomvi naye, alimzidi Mam kwa kazi. Ninachopinga ni kumpa mtu kwa kuwa wenzake wamebeba kombe.

*

Mbona Kombe la Dunia la soka 2006 Zidane alipewa mpira wa dhahabu wa mchezaji bora na kombe likaenda Italia? Hakuna aliyekufa.

*

Ile ilikuwa ya mashindano mazima, ndugu. Hii ni ya dakika 80 tu, ndiyo maana inauma zaidi. Haya, wa Roosters mko wapi? Nitajieni mchezaji wenu aliyemzidi Wighton siku ile.