Matone ya floridi kwa watoto, Tabora na Kigoma: apewe au asipewe? Tupeane uzoefu

Mama wa Ipuli
Habari zenu wapendwa. Naulizia haya matone ya floridi, madini ya kukinga meno yasioze, yanayokuja na mizigo ya ndugu walio Marekani. Mtoto ana miaka miwili, tuko Tabora mjini, maji ya bomba. Chupa imeandikwa miligramu 0.5 kwa mililita. Wanaoyajua, apewe au asipewe?

Mzee wa Zahanati
Kabla hujafungua chupa, tafuta namba moja: maji anayokunywa huyo mtoto yana floridi kiasi gani. Ratiba ya madaktari wa meno wa Marekani ya 2010 inakwenda hivi. Maji yakiwa chini ya miligramu 0.3 kwa lita, mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3 hupewa miligramu 0.25 kwa siku, wa miaka 3 hadi 6 hupewa 0.5, kuanzia 6 hadi 16 ni 1. Maji yakiwa kati ya 0.3 na 0.6, aliye chini ya miaka 3 hapewi kitu, wa kati 0.25, mkubwa 0.5. Yakizidi 0.6 hapewi mtu. Chini ya miezi 6 hata tone moja hapana. Tena ni kwa mtoto ambaye meno yake yako hatarini kuoza, si kwa kila mtoto kama vitamini.

Kwa chupa yako, 0.25 ni nusu mililita. Usipime kwa kijiko cha chai: kijiko ni mililita 5, sawa na miligramu 2.5, yaani mara kumi. Na usimpe pamoja na maziwa, kalsiamu huishika floridi.

Mwana wa Kibirizi
Mpe tu dada. Wazungu wasingeitengeneza kama ina madhara.

Fundi Visima
Ndugu wa Kibirizi, taratibu. Bomba la Tabora mjini siku hizi linaleta maji ya Ziwa Victoria, floridi yake ndogo. Lakini ni nyumba ngapi zinakunywa bomba mwaka mzima? Likikatika, ndoo inakwenda kisimani, na kisima kirefu kilichochimbwa kwenye mwamba kina habari zake. Shinyanga na Singida zinajulikana kwa floridi nyingi, na Igunga na Nzega wamepakana nazo. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa, kwa ulimi hutavitofautisha. Mara nyingi mwisho wa kiangazi ndipo kisima hukolea zaidi. Kiwango cha kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, kisizidi.

Bi Kidawa wa Ujiji
Si mchemshe tu maji, wanangu? Yakichemka kila kitu kinakufa.

Fundi Visima
Shikamoo bibi. Vijidudu ndiyo hufa. Floridi haifi wala haipai na mvuke, maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Kitambaa hakiishiki, klorini haiiondoi. Kinachoishika ni mkaa wa mifupa, ule wanaoufanyia kazi kule Ngurdoto, Arusha. Maji ya mvua nayo yana floridi kidogo sana.

Bi Kidawa wa Ujiji
Marahaba. Haya.

Mpishi wa Mwanga
Mnahesabu maji mnasahau chungu. Magadi! Maharage na kisamvu kwa magadi, kila siku, na mtoto anakula chungu hichohicho. Magadi yana floridi, na bonge hili halifanani na lile, kwa hiyo hakuna wa kukupimia. Kuna sehemu za nchi hii maji yana floridi ndogo lakini watoto wana meno ya kahawia, na magadi yametajwa kuwa sababu. Chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi nayo imo. Dagaa wa kutafunwa na mifupa yao wanaongeza kidogo. Ukishajumlisha hayo ndipo uulize kama matone yana nafasi.

Mvuna Chumvi
Chumvi ya Uvinza inatiwa madini, watoto wetu wanapata floridi humo. Tatizo limekwisha.

Mzee wa Zahanati
Hayo ni madini joto, ndugu. Iodini, kwa ajili ya goita. Chumvi yenye floridi iko Uswisi tangu 1955, Uvinza haipo.

Mvuna Chumvi
Madini ni madini.

Mzee wa Zahanati
Basi na misumari ni madini, tafuna.

Nesi wa Urambo
Nyie mnabishana miligramu, huku watoto wanang'olewa "meno ya plastiki". Mtoto wa miezi sita anaharisha, ana homa, fizi zimevimba. Jirani anamfunua mdomo, anaona weupe mahali pa chonge: haya ya plastiki, yatamuua. Anapelekwa kwa fundi. Sipoki ya baiskeli iliyonolewa, ganzi hakuna, chombo kimetoka kinywani mwa mtoto mwingine muda huohuo. Kinachochokolewa ni chipukizi la jino la chonge ambalo halijakomaa, ndiyo maana ni jeupe na laini. Mtoto wa kilo 7 ana damu kama nusu lita tu mwili mzima. Anaweza kuondoka na pepopunda, usaha wa taya, au virusi vya Ukimwi. Jino la ukubwani lililolala chini likiguswa, huota limeharibika au lisiote kabisa. Na kuharisha kuko palepale! Alihitaji ORS, na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Akiwa chini ya miezi 6 zinki ni 10.

Mwana wa Kibirizi
Sipoki??? Ya baiskeli?

Mama Tatu
Ipo. Tena sana.

Mvuna Chumvi
Sasa floridi inayazuia hayo ya plastiki?

Nesi wa Urambo
Hakuna cha kuzuia kaka, si ugonjwa. Ni meno yake.

Fundi Visima
Turudi kwenye matone jamani.

Daktari wa Meno, Kigoma
Nirudishe mimi. Meno ya mbele ya juu ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya kati ya miezi 15 na 30 hivi. Mtoto wa miaka miwili yuko hapohapo. Floridi ikizidi sasa, utaiona akifika miaka saba: mistari myeupe kama chokaa, ikizidi sana kahawia na vishimo. Haisuguliki ikatoka.

Faida kubwa ya floridi iko juu ya jino, haiko tumboni. Dawa ya mswaki iliyoandikwa floridi 1,450 ppm (sehemu kwa milioni) ina miligramu 1.45 kwa kila gramu. Chini ya miaka 3, paka kiasi cha punje ya mchele, gramu 0.1 hivi: hata akimeza yote ni 0.15. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Ukijaza mswaki kama kwenye matangazo, ni karibu gramu nzima. Asubuhi na usiku, ateme, asisukutue. Soma tyubu, za mitishamba na za mkaa nyingi hazina floridi. Jino likianza kuwa na doa jeupe kwenye fizi, dalili ya kuanza kuoza, aje apakwe vanishi ya floridi, ile ya asilimia 5, kila miezi 3 hadi 6.

Mama Tatu
Tabora asali yote ile, mnategemea meno gani?

Mama wa Ipuli
Asali haijamkosea mtu 😄 Sampuli ya maji nipeleke wapi?

Fundi Visima
Maabara ya Wizara ya Maji ipo Kigoma na Shinyanga, waulize TUWASA, mamlaka ya maji hapo mjini, namna ya kuifikisha. Chupa ya plastiki ya nusu lita, kioo hapana. Pampu itiririke dakika chache, suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, jaza, andika kisima na tarehe. Waambie unataka floridi, maana wasipoambiwa watakupimia vijidudu.

Mzee wa Zahanati
Na hiyo chupa ya matone ifungie juu, ina utamu. Miligramu 5 kwa kila kilo ya mtoto ni hatari. Wa kilo 12 ni 60, ambazo tyubu ya dawa ya mswaki ya gramu 100 inazo mara mbili na zaidi. Akimeza nyingi, maziwa hapohapo na hospitali, usingoje atapike.

Mvuna Chumvi
Maziwa yaliyoganda yanafaa?

Mzee wa Zahanati
Yanafaa. Ila usikae kuyatafuta.