API imehamia https kimya kimya, wazazi 412 hawajapata meseji na mfumo unasema "zimetumwa"!!

Wakuu salaam, naomba nitapike kwanza ndo mnijibu.

Nina kamfumo nimeitengenezea sekondari moja ya bweni huku Moro, kazi yake kutuma meseji kwa wazazi kupitia API (mlango ambao programu moja inaiagiza nyingine kazi) ya kampuni fulani ya bulk SMS (jina sitaji, salio langu bado liko kwao). Miaka mitatu kanapiga kazi bila shida. Alhamisi shule imesogeza siku ya kufunga kutoka kesho yake hadi Jumatatu, mwalimu wa taaluma akabonyeza tuma, kamfumo kakamjibu "zimetumwa 412". Ijumaa saa nne wazazi wamejaa getini, kuna mama katoka Ifakara na basi la alfajiri, anauliza mwanangu yuko wapi nae yuko darasani anasoma jiografia.

Nafungua logi, kila ombi limejibiwa 200, yaani limepokelewa vizuri. Safi kabisa. Nachungulia kilichorudi, ni HTML tupu, "Karibu, ingia kwenye akaunti yako". Kumbe Jumatano usiku wameifanya API iwe https tu (njia iliyosimbwa), na ile http ya wazi wakaibandika 301, yaani "tumehama, nenda kule"!! Aliyewahi kuhangaika na curl (programu ya kutuma maombi ya wavuti) anajua, POST (ombi lililobeba data) ikikutana na 301 klaienti kibao zinaigeuza GET (ombi la kuomba ukurasa tu), mzigo wote unamwagika njiani, inafika kule mikono mitupu inapewa ukurasa wa kulogin. Si wangeweka hata 308, ambayo inaiacha POST ibaki POST? Na ndio najua, kodi yangu ilikuwa inaangalia 200 tu haisomi cha ndani, hilo langu, msinianze.

Sipingi https jamani. Ufunguo wa API (nenosiri la mfumo) ukipita http mtu yeyote aliye katikati ya njia anausoma kama gazeti, na vyeti vya https Let's Encrypt anagawa bure tangu 2015 kwa hiyo walichelewa wenyewe. Ila hiyo 301 inalinda nini?? Ombi la kwanza limeshatoka wazi na ufunguo ndani, ndo unaambiwa pitia https, na kesho litatoka hivyo hivyo na keshokutwa, maana hakuna anayeshtuka. Twitter walipofanya haya Januari 14, 2014 walitangaza mapema, na siku ilipofika ukija na http unakula 403 (umekataliwa), unaambiwa SSL, yaani usimbaji wa https, inahitajika. Kitu kinakufa mbele ya macho yako, unabadilisha herufi moja maisha yanaendelea. Sisi hata imeli hatukupata, ya ofa ya sikukuu mbona huwa inafika?

Nikapiga sapoti, dada ananiambia "futa cache ya browser kisha ujaribu tena". Kron job, kazi inayojiendesha yenyewe kwenye sava, ina browser ya wapi dada angu! Nikaweka https mwenyewe, sava ya shule ya zamani ikakataa cheti, napiga tena napewa fundi wao, huyo ndo kanimaliza, eti weka VERIFYPEER (ukaguzi wa cheti) iwe false "itakubali tu". Yaani nisimbe data halafu nisijue namsimbia nani! Nimeapdeti faili la cacert (orodha ya watoa vyeti wa kuaminika), dakika kumi imekubali.

Nauli ya yule mama, kwenda na kurudi, nimelipa mimi, mkuu wa shule kasimama pembeni ananiangalia. Kuna mwingine humu kakumbwa? Angalieni salio zenu, langu halijapungua hata senti tangu Jumatano na mimi nilidhani wametupa ofa.