Mikanda ya mbio za magari: niweke upi Jumamosi?

MwishoWaReli: Wakuu, nina kibanda cha video hapa Mwanga, Kigoma. Juzi niliweka mkanda ambao gari inapaa kutoka ghorofa moja hadi jingine. Mzee mmoja akasimama, akasema "hii katuni", akadai mia tano yake. Nikamrudishia. Sasa nataka gari zilizoendeshwa kweli. Nimebaki na mitatu: Bullitt ya 1968, Ronin ya 1998 na Fast Five ya 2011. Mngeweka upi?

Fundi_Gungu: Bullitt, wala usijiulize. Steve McQueen kwenye Mustang, adui kwenye Dodge Charger, na vilima vya San Francisco. Karibu dakika 11, na mbio zikishakolea muziki unakatwa, unabaki mngurumo wa injini na matairi kulia. Sisi wa gereji macho yetu yako kwenye shokapu. Gari ikitua, tazama pua inavyozama, kisha inainuka na kuyumba kabla dereva hajaishika tena. Gari ya kompyuta hutua kama imeambiwa itue. Ya kweli ina uzito, na uzito una kiburi chake.

Kasoro ipo: Charger inadondosha wilikapu nyingi kuliko magurudumu yake, na Volkswagen moja ya kijani inapitwa mara kadhaa. Mbio zilezile zimeonyeshwa tena kutoka pembe nyingine. Uongo wa mkasi, lakini gari ni ya kweli.

BintiUjiji: Fundi, umesahau kwamba mbio hizo zinaanza baada ya saa nzima ya watu kutembea na kunyamaza. Kibandani watakuwa wameshalala. Mkalimani naye atatafsiri nini, stelingi mwenyewe haongei!

Konda_Kasulu: Mimi Ronin. Waigizaji wanaonekana wanaendesha Paris kwa kasi, kumbe baadhi ya gari zile usukani halisi uko kulia kama hizi zetu. Dereva wa kazi anaendesha huko, mwigizaji yuko kushoto ameshika usukani wa bandia. Kwa hiyo zile sura za woga si za kuigiza sana. Ni kama abiria wa siti ya mbele kwenye Hiace, anakanyaga breki ambazo hazipo.

Fundi_Gungu: 😂😂 Hapo umenishika.

Mvuvi_Kibirizi: Fast Five mnaidharau bure. Lile sefu linaloburutwa na gari mbili, mengi mle si kompyuta. Walitengeneza masefu kadhaa, na moja lilikuwa ganda limevikwa gari, dereva kajificha ndani anaendesha. Hadithi inasema Rio, mbio zenyewe walipigia Puerto Rico. Halafu Tokyo Drift ya 2006 mbona haipo kwenye orodha? Keiichi Tsuchiya, mfalme wa kuserereka kule Japani, katokea mle kama mvuvi, kakaa anamcheka kijana anayejifunza. Mvuvi mwenzangu!

BintiUjiji: Mkimaliza kusifia, kumbukeni kuna anayelipa. Mwaka 1999 mpiga picha alikufa Paris wakati wa kurekodi Taxi 2, gari ya mruko ilipomgonga. Na mkanda ukiisha usiku, vijana wetu wanawasha bodaboda wakajaribu wenyewe. Mimi kompyuta hainiudhi kama ikitumika kufuta kamba za usalama.

Konda_Kasulu: Hilo kweli, dada. Ila kamba ifutwe, gari ibaki.

MwishoWaReli: Nimewasoma. Fast Five saa kumi kwa ajili ya watoto, Ronin saa mbili usiku. Bullitt nitaikata, naanzia kwenye mbio tu.

Fundi_Gungu: Kata, lakini mkalimani azime kipaza sauti hizo dakika 11. Akiongea juu ya injini, mimi ndiye nitakayedai mia tano.

MwishoWaReli: Nimemwambia. Anasema atanyamaza, ila malipo yake ni yaleyale.