Vioo vya bahari: mteja kanirudishia mzigo wote eti feki, nimekosea wapi?

chekechea_mchanga:
Habari zenu wadau. Mimi naokota vioo vya bahari, vile vipande vya chupa za zamani ambavyo bahari imevisugua mpaka vikawa laini na ukungu ukungu, karibia mwaka sasa na nina ndoo nzima. Nikaanza kuwauzia watu wanaotengeneza hereni na vidani kwa mkono. Mzigo wa kwanza ulienda freshi, wa pili mteja kanirudishia wote na meseji ndefu kwamba nimevipitisha kwenye mashine na mimi ni tapeli. Wallahi hiyo mashine hata siijui inafananaje. Nilichofanya, vile vyenye ncha nilivipiga msasa pembeni visije vikamkata mtu, halafu vyote nikavipaka mafuta ya mtoto maana vikikauka vinapauka na kwenye picha havivutii kabisa. Sasa utapeli uko wapi hapo? La pili, nataka nianze kuviuza vikiwa vimeshatobolewa, nimejaribu vitatu na vyote vimepasuka. Msaada tafadhali.

fundi_waya:
Pole mkuu, neno tapeli kazidisha, ila kukurudishia mzigo yuko sahihi.

Chukua lenzi, au vuta kamera ya simu karibu kabisa, uangalie kipande ambacho hujakigusa. Utaona vialama vidogo kama herufi C, vimekaa hovyo hovyo, vingine vimepandana. Hizo ni kokoto zimekigonga miaka na miaka. Halafu kuna kazi ya maji yenyewe, kioo cha chupa ni silika, soda na chokaa, sasa maji ya bahari yanaivuta ile soda na chokaa taratibu, ngozi ya juu inabaki na vishimo vidogo sana ndio huo ukungu unaouona. Haiji kwa mwaka mmoja, ni miongo. Cha mashine, yaani lile pipa linalozunguka na unga wa kusagia ndani, kinatoka sare kila upande na hizo C huzioni. Cha asidi ndio kabisa, ukungu wake mwororo kama balbu nyeupe, unateleza mkononi. Na cha msasa kina mistari iliyonyooka!! Mteja wako kaona mistari pembeni, akashika mafuta juu, akamaliza hesabu mwenyewe.

Mimi nilishauziwa mfuko mzima wa bluu, nikaufurahia weeeh, kuja kuvipanga mezani kila kipande kina unene uleule na pembe zimeviringwa kwa namna moja. Bahari haina adabu hiyo.

ShangaNaUzi:
Mafuta ya mtoto jamani 😂 mimi ndio nanunua hivyo vitu, kioo kikipakwa mafuta gundi haishiki. Unabandika kishikizo cha hereni leo, kesho mteja anakuletea kioo mkono huu na ndoano mkono huu. Osha na sabuni ya vyombo maji ya uvuguvugu, anika, basi. Anayenunua vioo vya bahari anautaka huo huo mpauko unaouficha wewe.

Picha piga vikiwa vikavu juu ya karatasi nyeupe, mchana dirishani bila flashi, weka rula pembeni tujue ukubwa. Na usituchanganyie kila kitu ndoo moja. Vyenye kingo zilizoisha kabisa bila pengo weka peke yake uuze kimoja kimoja, hivyo ndio vya vito. Vyenye mapengo na vidogo vidogo uza kwa uzito, kuna watu wa fremu za picha watachukua. Ukipata viwili rangi moja, unene mmoja, umbo linakaribiana, usivitenganishe hata kwa dawa, pea ya hereni ni shida kuipata nakwambia mimi naitafuta kila siku.

chekechea_mchanga:
Aisee nimeangalia na simu, C zipo! Kwenye vya msasa nimezifuta mwenyewe kwa mikono yangu, naumia. Vipi sasa vile nilivyovisugua, nitupe?

fundi_waya:
Usitupe, uza kama vilivyosuguliwa na uandike hivyo hivyo. Kuna watu hawajali, wanataka rangi tu. Kosa ni kuviita vya asili. Marekani wana mpaka chama chao, North American Sea Glass Association, msimamo wao ni kwamba kioo ulichokibadilisha sura kwa mashine au asidi hakiitwi tena kioo cha bahari.

Kutoboa sasa. Nahisi ulitumia biti (ile ncha ya drili) ya chuma au ya ukuta na ukatoboa kikavu. Unatakiwa biti ya almasi ya milimita 1.5 au 2. Weka kibao kwenye sahani ya plastiki, kioo juu ya kibao, maji yakifunike kidogo. Anza umeilaza biti kwa mshazari ikwangue kijishimo, ndipo uisimamishe wima, la sivyo inateleza na kukuharibia uso wote. Usikandamize, iache itafune yenyewe, na kila baada ya sekunde chache inua maji yaingie tunduni, ukiona uji mweupe unatoka ujue unaenda vizuri. Ukikaribia kutokea ng'ambo simama, geuza, malizia upande wa pili. Hapo ndipo vyako vilipopasukia nina uhakika, ukipitiliza moja kwa moja kinamegeka kigae kizima chini. Drili iwe ya betri, usilete waya wa umeme karibu na maji tafadhali. Barakoa na miwani vaa, vumbi la kioo si la kuvuta.

Ila mimi binafsi sitoboi, nafunga kwa waya wa shaba au fedha, mnene wa milimita 0.8 kwa fremu na mwembamba wa 0.4 kwa kuzungushia, na kioo kinabaki kizima kama kilivyookotwa. Bluu au nyekundu kabla hujatoboa fikiria mara mbili.

bamvua:
Naongezea kwenye rangi maana watu wanauza kwa hasara bila kujua. Nyeupe, kahawia na kijani ni za kawaida, chupa za vinywaji hizo. Bluu iliyokoza ni kobalti, mara nyingi chupa za dawa za zamani. Nyekundu ni adimu maana chupa chache zilitengenezwa rangi hiyo, nyingi ni taa za vyombo vya majini au sahani za mapambo, na chungwa ndio hupati kabisa. Zambarau hafifu nayo usiipuuze, zamani waliweka madini ya manganizi ili kuua ukijani wa kioo, jua likaja kukigeuza zambarau. Halafu kila kipande, cha rangi yoyote, kipitishie tochi ya UV gizani, kikiwaka kijani kikali kina madini ya urani ndani yake.

Kuokota nenda maji yakipwa siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, na baada ya dhoruba, kwenye kokoto siyo mchanga mtupu. Ila ulizia sheria ya ufukwe kwanza. Ule wa Fort Bragg kule California ulikuwa jalala la mji mpaka 1967, leo sehemu yake iko ndani ya hifadhi na kuokota hakuruhusiwi. Seaham kule Uingereza kiwanda cha chupa kilifungwa 1921 na mpaka leo watu wanaokota, wana hadi vyenye rangi mbili tatu kwenye kipande kimoja.

Na vyenye ncha mkuu usisugue, virudishe majini vikaive.

ShangaNaUzi:
Mimi hilo la kurudisha sikubaliani nalo hata kidogo, ni kutupa chupa baharini kwa jina lingine, mtoto atakanyaga kesho.

bamvua:
Kilikuwemo humo kabla yangu, mimi nimekiazima tu nikakirudisha 😄

chekechea_mchanga:
Nimeosha vyote vimepauka vizuri. Kwenye ndoo nimepata vya kuuza kimoja kimoja 41 tu, pea tatu, na kimoja cha zambarau nilichokuwa nakiona kichafu. ShangaNaUzi nicheki inbox kuhusu hizo pea.