Tupeane uzoefu: mtoto anatoka UNTA (kituo cha kutibu utapiamlo mkali bila kulazwa) amepona, kisha anarudi na bwaki (utapiamlo wa kuvimba). Panavuja wapi?

Mwanzilishi, Bukavu
Jambo zenu wote. Serikali inasema matibabu ya utapiamlo mkali ni bure, sawa. Lakini mtoto anatoka na mkono wa kijani kwenye utepe wa kupimia, na msimu wa njaa ukifika anarudi kwenye nyekundu. Marelais (wahudumu wa afya wa kujitolea mtaani), waganga wa vituo, mama wa masoso (unga wa uji wa mahindi, soya na mtama): semeni mnavyofanya, na vipimo vyake.

Relais wa Ibanda
Nianze na utepe. Mkono wa kushoto, ukunje, tafuta katikati ya ncha ya bega na ya kiwiko, tia alama, kisha uache mkono uning'inie ndipo upime. Ukikaza mpaka ngozi ikunjamane, mtoto wa njano anageuka nyekundu. Chini ya milimita 115 ni nyekundu. 115 hadi 124 ni njano. Halafu miguu: gumba juu ya miguu yote miwili, sekunde 3. Shimo likibaki pande zote ni bwaki, hata utepe ukisema kijani. Na mtoto aliyevimba, kilo zikishuka wiki ya kwanza msiogope, ni maji yanatoka.

Muganga wa kituo, Goma
Pakiti za chakula-dawa zinagawanywa nyumbani, tusidanganyane. Mtoto wa kilo 7 anataka pakiti 2 hadi 3 kwa siku, kila moja gramu 92, kilokalori 500. Nyumbani wapo wanne wenye njaa, mama afanyeje? Dalili yake: mbele yako anamaliza pakiti vizuri, lakini uzito umesimama. Usimgombeze mama, pima mikono ya ndugu zake. Wa njano waende UNS (kituo cha chakula cha nyongeza kwa utapiamlo wa kadiri).

Hapo sasa ndipo siasa inapokwama. Chakula cha nyekundu kinatoka UNICEF, cha njano kinatoka PAM (Shirika la Chakula Duniani): stoki mbili, safari mbili. Cha njano kikikatika, mtoto anarudishwa nyumbani, na kwa vitendo tunamngojea akonde zaidi ndipo apate haki ya kutibiwa. Kwangu hilo ndilo tundu kubwa kuliko yote.

Oda: hesabu katoni 1 (pakiti 150) kwa mtoto mmoja hadi apone. Wengi wanaagiza kwa walioandikishwa tu, wakisahau watakaoingia kabla gari halijafika. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na mwaka huohuo Marekani ikakata misaada, weka akiba.

Mama wa masoso, Kadutu
Mahindi makopo 2, mtama 1, soya 1. Soya ikaangwe mpaka maganda yapasuke na harufu mbichi iishe, la sivyo tumbo la mtoto halimeng'enyi protini yake. Mahindi yenye ukungu tupeni, msiyaoshe na kuyasaga.

Kosa kubwa ni uji wa maji. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo, halibebi bakuli mbili. Pika mzito usiomwagika kwenye kijiko. Akishindwa kumeza, epua, upoe kidogo, koroga kijiko 1 cha unga wa kimea cha mtama: dakika chache unalegea bila kuongeza maji. Uchemshe tena, kisha mafuta ya mawese kijiko 1 kidogo.

Relais wa Ibanda
Na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mama?

Mama wa masoso, Kadutu
Ndiyo, zilizokauka hadi zinavunjika. Twanga, chekecha miiba, kijiko 1 kwa bakuli. Usitwange nyingi, mafuta yake yanachacha upesi, na mtoto akishaukataa uji huo, kumrudisha ni kazi.