Ndugu wawili, dozi moja ya isoniazidi, lakini mmoja anakufa ganzi miguuni

Ummu Salama, Kisauni
Asalaam alaykum. Shangazi tunayeishi naye alipogundulika kuwa na kifua kikuu, mimi na kaka yangu tulipimwa, tukaonekana hatuna ugonjwa, na kila mmoja akapewa vidonge vya kinga vya isoniazidi, miligramu 300 kwa siku. Mimi sijahisi lolote, ilhali kaka analalamika kwamba nyayo zinamchoma na vidole vya miguu vinakufa ganzi, hasa usiku. Muuguzi alimwambia huenda ni jambo la kurithi. Sisi ni wa baba mmoja na mama mmoja, tunakula chungu kimoja, na uzito wetu haupishani sana. Yawezekanaje?

Mfamasia, Makadara
Waalaykum salaam, dada. Kabla isoniazidi haijatoka mwilini, hubadilishwa kwenye ini na kimeng'enya kiitwacho NAT2, na jeni inayokitengeneza hutofautiana baina ya watu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi nakala mbili dhaifu huiondoa dawa polepole: kwa wenye kasi, nusu ya dawa hutoweka kwenye damu kwa muda wa saa moja hivi, na kwa wa polepole huchukua saa mbili hadi nne. Kwa hiyo miligramu 300 zilezile humpa mtu wa polepole dawa nyingi zaidi damuni kuliko wewe, ingawa mmemeza kidonge sawa.

Kuhusu wazazi, mzazi mwenye nakala moja nzuri na moja dhaifu humpa kila mtoto mojawapo tu. Wazazi wote wawili wakiwa hivyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzipata zote dhaifu, na nduguye akaepuka.

Ganzi yenyewe hutokea kwa kuwa isoniazidi huupunguzia mwili vitamini B6, ambayo mishipa ya fahamu huihitaji. Ndiyo sababu vidonge vya B6 hutolewa pamoja nayo. Tafadhali hakikisha kaka anapewa na anavimeza, na arudi kliniki wiki hii, kwa maana dalili zikishaanza huenda akahitaji kiwango kikubwa kuliko kile cha kinga. Asiache isoniazidi kwa uamuzi wake mwenyewe. Lakini akiona macho yamegeuka manjano au mkojo umekuwa mweusi, asimeze kidonge kingine, aende hospitali siku hiyohiyo.

Abu Nasri, Majengo
Naafiki, ila nisingependa jeni zibebeshwe lawama yote. Kisukari, pombe, virusi vya UKIMWI na lishe duni huleta ganzi hiyohiyo, na kisukari kimeenea mno hapa mjini. Kaka apimwe sukari kwanza, kwani kipimo hicho ni rahisi kukipata kuliko cha jeni.

Ummu Salama
Ahsanteni sana. Alipewa B6, lakini aliziacha akidhani ni vitamini za ziada tu. Sukari atapimwa kesho, inshallah. Je, hali hii ya kurithi itamdhuru katika dawa nyingine?

Mfamasia, Makadara
Si katika zote, kwani kila dawa ina njia yake. Kodeini, kwa mfano, hugeuzwa kuwa mofini na kimeng'enya kingine, CYP2D6. Wapo ambao kwao haitulizi maumivu hata kidogo, na wapo ambao huigeuza kwa kasi ya kuhatarisha pumzi, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Marekani mwaka 2017 ikataze watoto wa chini ya miaka 12 kupewa. Udhaifu wa NAT2 hausemi lolote kuhusu CYP2D6. Hata hivyo, dawa za salfa nazo hupitia NAT2 kwa kiasi fulani, kwa hiyo kaka amtajie daktari habari ya ganzi hii kila anapoandikiwa dawa mpya.